Damu, pumzi na mbabula: maneno tuliyotoa ku mkutano wa Makomeno

(Tumeandika karibu sawa vile tuliyasema mbele ya washiriki. Maulizo matatu yaliyotoka katikati tumeyaacha pahali pake.)

Sisi tunapita lupango kwa lupango hapa Makomeno tangu siku nyingi, wengi wenu munatujua kwa sura, basi hatutajieleza sana.

Komite ilituita kwa neno moja. Kuna pendekezo la kutosha feza ndani ya kesi ya shirika ili kila mshiriki aende kupimwa damu, kuangalia kama hewa mbaya ya makala imemuingia. Tulipewa kazi ya kusema kama hiyo feza itakuwa imeenda pazuri. Tutajibu. Lakini hatuwezi kujibu bila kuongea kwanza juu ya kile kilio cha mwezi wa saba, maana pendekezo lilizaliwa pale, na wote munajua. Tumeenda kuomba ruhusa kwa familia. Walikubali tuongee, majina hatutaji.

Ile usiku baridi ilikuwa kali, baridi yetu ya hapa ya mwezi wa sita na wa saba. Kurant ilikuwa imeenda tangu saa kumi. Mama alipikia bukari inje, ku baraza. Kisha kula, makala yalibaki mekundu, hayatoi moshi hata kidogo, akaona ni hasara kuyamwangia maji. Akaingiza mbabula ndani ya chumba walimolala watu wanne. Mlango ukafungwa kwa sababu ya wezi, kitambaa kikawekwa chini ya mlango kwa sababu ya upepo. Asubuhi mtoto wa mwisho hakuamka. Mama na wale watoto wawili waliamka na kichwa kinapasuka, wanatapika, miguu haiwabebi. Kambo, aliyelala chumba cha pili, aliamka muzima.

Walikimbizwa ku kituo kimoja cha afya. Pale waliwawekea kile chombo cha kubana ku kidole. Kikaandika 98. Wakaambiwa: hewa ni sawa, hii ni malaria, wakawekewa serumu. Siku ya pili ya kilio, watu wakaanza kuongea pembeni: «Kambo ye aliamka je muzima?» Siku ya tatu mjomba mmoja, mwenye nia njema kabisa, akasema tupime damu ya mama ili kujua kama ni makala kweli. Damu ikapelekwa ku laboratwari. Karatasi ikarudi: hakuna kitu, kawaida. Na ile karatasi njo ilimtosha kambo ndani ya lupango. Walisema kama si makala, basi ni bulozi.

Kwa hiyo tunaomba munisikie — mutusikie — pole pole hapa. Ile karatasi haikudanganya. Na watu waliisoma vibaya. Tunaeleza namna gani mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Makala yakiwaka pahali pasipo na hewa ya kutosha, yanatoa kitu kinaitwa monoksidi ya kaboni. Waganga wanaandika CO. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Moshi tunaoona ni kitu kingine. Moshi unakukohoza, unakufukuza inje, kwa namna fulani ni rafiki anayekuambia ukweli. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa CO, na hakuna kinachokufukuza. Sisi wote tulikomaa na lile fundisho la ba mama kwamba ngoja makala yashike vizuri, moshi uishe, njo uingize ndani. Fundisho hilo ni zuri kwa macho na kwa nguo. Kwa CO halisaidii.

Ndani ya damu kuko kitu kinaitwa hemoglobini, ndicho kinapakia oksijeni ku mapafu na kuipeleka mwili mzima. Fikiri bisi ya Kenya–mjini. Kila hemoglobini ni bisi ya viti vine. Oksijeni inapanda ku mapafu, inashuka ku ubongo, ku moyo, ku mikono, bisi inarudi tupu kupakia tena. CO nayo inapenda vile viti, tena inashika kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikisha kukaa haishuki upesi. Bisi inazunguka imejaa, lakini ku kituo hakuna anayeshuka. Ubongo unangoja watu wake, hawafiki. Viti vilivyoshikwa na CO vinaitwa kaboksihemoglobini, na vipimo vya damu vinavyofaa vinahesabu hivyo: ndani ya viti 100, CO imeshika vingapi. Mtu asiyevuta sigara ana 1 ao 2. Mvutaji wa sigara anaweza kufika hata 10. Mtu aliyelala na mbabula anaweza kuwa na 30, 40, kupita.

Sasa kile chombo cha kidole. Kinamulika damu kwa mwanga wa rangi mbili, kinaangalia kama bisi imejaa ao tupu. Hakiwezi kutofautisha abiria. Kikiona kiti kimekaliwa na CO, kinahesabu kama ni oksijeni. Njo maana kiliandika 98 juu ya mama aliyekuwa anakufa njaa ya hewa. Hatusemi kituo kile kina waganga wabaya. Kazi yao tunaijua, na usiku wako wawili kwa wagonjwa arobaini. Lakini kila mshiriki wa shirika hii akumbuke: mtu akitoka ndani ya chumba chenye mbabula, ao chenye gurupu ya umeme, namba nzuri ya kile chombo cha kidole haina maana. Sema wazi kwa munganga: «Tulilala na moto.» Wewe usiposema, yeye hawezi kujua, na kichwa pamoja na matapiko hapa kwetu vinaitwa malaria kabla mtu hajakaa ku kiti.

Kuko alama za kusaidia. Malaria haishikagi watu watatu ndani ya chumba kimoja usiku mmoja. CO haileti homa. Na mtu wa CO mara nyingi anajisikia nafuu akitoka inje, akirudi ndani kichwa kinaanza tena. Kama kuku ao mbwa aliyelala humo ndani naye ameanguka, usingoje alama ingine.

(Mama mmoja aliuliza: Kwa nini mtoto njo alienda, na sisi wakubwa tulibaki, kama si mkono wa mtu?)

Mama, asante kwa kuuliza kwa sauti lile ambalo wengine wanaliuliza pembeni. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko mkubwa, na mwili wake unataka oksijeni mingi kwa ukubwa wake. Hewa ileile ya chumba inamjaa upesi. Hii si habari mpya, ni habari ya migodi. Miaka ya 1890, munganga mmoja wa Scotland, John Scott Haldane, aliyechunguza vifo vya wachimbaji, alishauri kushuka chini na panya ao ndege mdogo, kwa sababu kamwili kadogo kanaanguka mbele, na mtu anapata dakika za kukimbia. Wachimbaji wa Uingereza walibeba ndege wa kanari ndani ya mgodi mpaka miaka ya 1980. Tunasema hii kwa heshima, tunajua ni mtoto tunaongea.

Na mama mwenye mimba: CO inapita ku mtoto wa tumboni, na hemoglobini ya mtoto huyo inaishika zaidi kuliko ya mama, inachelewa pia kuiacha. Mama anaweza kujisikia amepona, mtoto bado. Mama wa mimba aliyelala na mbabula apelekwe lopitali hata kama kichwa kimeacha.

Na kambo? Sisi tuliingia ndani ya chumba chake. Dirisha ina kioo kimoja kimevunjika, ameziba na kigunia chenye matundu. Mlango kati ya vyumba viwili ulikuwa umefungwa. Hakuna zaidi ya hapo.

Sasa turudi ku karatasi. Mtu akitoka ku hewa mbaya na kupumua hewa ya inje, viti vilivyoshikwa na CO vinapunguka nusu kila saa 4 mpaka 5. Tuhesabu pamoja. Tuseme mama alitoka asubuhi na 40 kwa 100. Kisha saa 5, 20. Kisha saa 10, 10. Kisha saa 15, 5. Kisha saa 20, 2 na nusu, yaani sawa na mtu ambaye hakuona mbabula mwezi mzima. Damu ilitoshwa siku ya tatu. Hata angelikuwa amebakiza nusu ya dakika ya uhai ile asubuhi, siku ya tatu damu yake ingelisoma kawaida. Karatasi inasema tu: saa ile sindano iliingia, CO ilikuwa imekwisha kuenda. Haisemi kitu juu ya usiku ule. Haiwezi kumuosha mtu, na haiwezi kumshitaki mtu.

Tuongeze neno moja gumu. Mwili wa aliyekufa haupumui, kwa hiyo CO inabaki ndani ya damu yake. Kama munganga angelichukua damu ya mtoto mbele ya maziko, jibu lingelikuwa pale. Hakuna aliyejua, na mtoto alizikwa kesho yake kama desturi. Hatulaumu mtu. Tunasema ili siku ingine, Mungu apishe mbali, mmoja wenu ajue cha kuomba.

Watu wetu hapa Katanga wamezoea kipimo cha namna ingine. Wengi mulisikia kazi ya Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, waliopima mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda, wakatangaza mwaka wa 2009 kwamba kobalti ilikuwa juu sana. Mtu anayeishi karibu na vumbi lile anaimeza kila siku, kwa hiyo unaweza kumpima wakati wowote ukaiona. Ndiyo sababu mtu anafikiri damu nayo itahifadhi mbabula namna ile. CO si hivyo.

Basi jibu letu kwa komite ni hapana. Mukichukua washiriki wote, mukawapeleka saa nne ya asubuhi, wamekwisha kutembea kwa miguu toka nyumba mpaka laboratwari, feza itaisha na karatasi zote zitarudi nzuri. Na kesho yake kila mtu ataingiza mbabula ndani kwa sababu «damu yangu ni safi». Tunaogopa hilo kuliko kupoteza feza.

Kipimo hicho cha damu kina saa yake. Saa yake ni mara moja, mtu akitoka tu. Damu ya mkono, ya mshipa wa kawaida, inatosha, si lazima ile ya kuchoma ndani ku kifundo. Kichupa kijazwe na kifungwe vizuri. Laboratwari lazima iwe na mashine inayosoma kaboksihemoglobini yenyewe; mashine nyingi hazisomi. Andikeni ku karatasi saa mtu alitoka chumbani na saa sindano iliingia, bila hizo saa mbili namba haielezeki. Na lililo kubwa: oksijeni isingoje jibu la laboratwari. Oksijeni ya chupa, kwa maski inayobana vizuri uso, inapunguza zile saa 4 ao 5 mpaka saa moja ao moja na nusu. Kwa hiyo kitu cha kuuliza ku simu mbele ya kupanda teksi si «muko na laboratwari?» Uliza «muko na oksijeni leo?» Leo, kwa sababu chupa zinaishaga.

Mtu aliyepotewa na akili, ao aliyezimia hata kidogo, arudi kuonwa hata akipona. Kuko wengine ambao kisha siku chache ao wiki kadhaa wanaanza kusahau, kutetemeka, kukasirika bila sababu. Familia inasema amebadilika. Ni ubongo uliokosa hewa, unadai deni lake nyuma.

(Baba mmoja: Ku Kala tulilala na mbabula miaka kumi, hakuna aliyekufa. Hapa njo itatuua?)

Baba, tunajua wengi hapa mulitoka Zambia, Meheba, Mwange, Kala, na jina la chombo hata halikubadilika sana, wao wanasema mbaula, sisi mbabula. Lakini kumbukeni nyumba za kule. Ukuta wa udongo, juu nyasi. Nyasi inapumua usiku kucha. Hapa muna bloko za simenti, mabati, plafo, na mlango wa chuma kwa sababu ya watu wa bunduki. Nyumba imekuwa nzuri zaidi na hewa imefungwa. Mbabula ni ileile.

Watu wanatuambia mambo mengi ya kujikinga. Sahani ya maji pembeni ya moto: maji hayachukui CO, labda yanapunguza ukavu wa koo. Maziwa asubuhi: maziwa ni chakula, kunyweni, hayafikii hemoglobini. Mbabula ya kisasa ya udongo ndani: inakula makala kidogo, feza ya gunia inadumu, tunaipenda kwa hiyo, lakini ndani ya chumba kilichofungwa inaua pia.

Hatuwezi kusema musitumie makala, tungekuwa tunawachekelea. Laini ya umeme ya Inga–Kolwezi, karibu kilomita 1.700, ilijengwa juu ya migodi, na hata leo kurant ikikosekana si migodi inayopikia giza la kwanza. Makala yatakuwa hapa. Tunaloomba ni dogo: mbabula ilale inje. Ikiwa unaogopa itaibiwa, mwangia maji ao mchanga mpaka izimike kabisa, njo uiingize baridi.

Sasa pumzi, na hapa tunaunga mkono kutoa feza. Kipimo cha pumzi, kinaitwa spirometria, kina kumbukumbu ndefu ambayo damu haina. Moshi wa miaka ishirini ya kupikia ndani, wa kuchoma tanuru za makala porini, vumbi la kuchimba, vyote vinaacha njia za hewa nyembamba. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu vifo milioni 3,2 kwa mwaka wa 2020 vilivyotokana na hewa mbaya ya ndani ya nyumba ulimwenguni, na sehemu kubwa ni magonjwa ya moyo na mapafu yanayokuja polepole, si ya usiku mmoja.

Unavuta hewa mpaka mwisho, unapuliza ndani ya mrija kwa nguvu zote, bila kuacha, mpaka hakuna kilichobaki. Mara tatu angalau. Ku karatasi utaona VEMS, hewa iliyotoka sekunde ya kwanza, na CVF, hewa yote. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Wanakupa dawa ya kupanua njia za hewa, unapuliza tena, na ikiwa jibu bado liko chini ya 0,70, kuna kizuizi kisichofunguka vizuri, unahitaji kufuatwa. Ikipanda sana kisha dawa, munganga atafikiri pumu, ambayo ina matunzo yake. Mashine hizo zinalinganisha pumzi yako na ya watu wengine wa umri na urefu wako. Mashine nyingi za zamani zilipunguza kipimo cha mtu mweusi tangu mwanzo, kana kwamba mapafu madogo ni kawaida yetu, hivyo mgonjwa anaonekana muzima. Tumeuliza kwa wenye mashine tutakayotumia, haifanyi vile.

Hatutapima wote. Tutaanza na ba mama waliopikia ndani miaka mingi na wanaokosa pumzi wakibeba ndoo, halafu waliochoma makala, halafu wachimbaji. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili, ao anayetema damu, hapulizi kwanza. Anaenda kupima kikohozi cha TB, kwa ajili yake na ya wale watakaoshika mrija kisha yeye. Aliyepasuliwa hivi karibuni ao mwenye ugonjwa wa moyo atuambie mbele. Siku ile usile sana saa mbili kabla, usivute sigara, usivae nguo ya kubana kifua.

(Kijana: Nikipuliza vibaya, kampuni itajua? Itanifukuza?)

Karatasi ni yako. Sisi hatuipeleki pahali popote, na komite haitaiona. Ukiamua kuionyesha kazini, ni wewe. Hatuwezi kuahidi kampuni itafanya nini ikiiona, kwa hiyo ongea na sisi mbele ya kuamua.

Feza inayobaki, tunashauri ikae mkononi mwa watu wawili wanaolala na simu imewashwa, kwa teksi ya usiku na oksijeni. Kati yetu sisi wenyewe kuko asiyekubali, anasema bora kununua kengele ndogo za CO zinazotumia betri kwa zile nyumba ambazo haziwezi kuacha moto inje. Wengine tunaona betri ikiisha hakuna atakayenunua ingine. Komite iamue.

Jambo la mwisho. Kambo bado yuko kwa mtoto wake mwingine, ng'ambo ya mji. Mjomba aliyetoa shauri ya damu alikuwa mtu wa kwanza kutuita tumueleze hesabu ya zile saa, na ameomba aongee yeye mwenyewe mbele ya kambo. Tunaenda Jumapili kisha misa, na wazee wawili wa shirika. Gari iko na nafasi ya watu sita, wanaotaka kuenda wamuone katibu mbele ya kutoka.